Bahasha Niliyoificha Muyinga

Nina miaka arobaini na moja, wasomaji wenzangu, na kila asubuhi nafuta makamasi ya watoto thelathini na sita katika darasa ambalo zamani lilikuwa langu.

Msinionee huruma bado. Sikilizeni kwanza, halafu mtaamua wenyewe kama ninaistahili.

Mimi ni Mrundi niliyekulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma. Huko ndiko nilikosomea kufundisha watoto wa chekechea, nikapewa cheti chenye mhuri wa bluu. Niliporudi nyumbani Bugendana, mkoani Gitega, nilikikumbatia kile cheti kuliko nilivyokumbatia sufuria zangu. Nilijua kitanilisha.

Wapi! Nilikipeleka Gitega mjini, kwenye ofisi ya elimu. Kijana aliyekuwa mezani akakigeuza mbele na nyuma, akanirudishia. Akasema karatasi za kambini hapa hazitambuliki, nitafute diploma ya Burundi. Watu waliokuwa kwenye benchi walikuwa wananitazama... Nilitembea njia nzima ya kurudi nikilia. Nikaapa mbele ya wote wanaonijua kwamba mtu asinitajie tena habari za vyeti mpaka nife.

Hata hivyo chekechea ya parokia yetu ilinichukua. Mkuu wa shule, tuliyemwita Madamu Direktrisi, alisema yeye anataka mtu anayewaweza watoto, karatasi tutaona baadaye. Na mimi watoto nawaweza! Sikuwa na vitabu wala midoli. Nilikusanya vifuniko vya chupa, magunzi ya mahindi, maharage ya rangi mbalimbali. Mtoto wa miaka mitatu alikuwa akitenga maharage mekundu na meupe kwenye vikapu viwili huku akiimba, na akimaliza kuimba ameshajua kuhesabu mpaka kumi. Hiyo niliitunga mimi mwenyewe. Sikuiona popote.

Mwaka wangu wa nne wakaniletea msaidizi. Aliitwa Goreti.

Goreti alikuwa mdogo wangu kwa miaka tisa. Alilelewa sokoni Gitega, mama yake Mkongo wa Uvira aliyekuwa akiuza vitenge, baba yake Mrundi wa huku kwetu. Diploma ya sekondari alikuwa nayo, ila watoto hakuwajua hata kidogo. Siku ya kwanza mtoto alimtapikia uji kwenye sketi, na yeye akalia pamoja na mtoto! Nikamvua sketi, nikamfunga kitenge changu, nikamwambia arudi darasani.

Nilimfundisha kila kitu. Jinsi ya kuinama usawa wa macho ya mtoto, jinsi ya kumwacha akosee bila kumkatiza, jinsi ya kumtambua aliyekuja bila kula. Na yeye alinisaidia. Kirundi changu kilikuwa cha kigugumizi, wazazi walikuwa wananicheka pembeni, na Kifaransa sikujua zaidi ya salamu. Goreti alinisemea kwa wazazi, alinisomea barua. Aliniita dada. Tulikula sahani moja, tukachekea vitu vya kijinga. Kwa miaka mitano hivi sikuwa na rafiki mwingine, na sikumhitaji.

Sasa ngojeni niwaambie wivu ulivyoniingia. Uliingia siku ya sherehe ya shule.

Wageni walikuja kutoka Gitega kutazama darasa letu. Walisimama kwenye vikapu vyangu vya maharage wakauliza jambo kwa Kifaransa. Mimi nikabaki natabasamu kama mjinga. Goreti akajibu. Akaeleza kimoja baada ya kingine, mikono ikienda, wale wageni wakiandika kwenye madaftari yao. Mwishoni wakampigia makofi, mmoja akamshika mkono akamwita profesa!

Baadaye Goreti alinikimbilia na furaha zake. "Dada, nimewaambia yote ni ya kwako!" Nikamwambia asante. Lakini moyoni nilijiuliza... aliwaambia kweli? Ningejuaje, na Kifaransa sikijui? Usiku ule sikulala. Niliyaona yale makofi kama kitu kilichoibwa kwenye kabati langu.

Tangu hapo nikaanza kumchunguza. Viatu vyake vipya viliniuma. Kalamu yake iliniuma. Wazazi wakimsalimia yeye kwanza, siku yangu imeharibika. Nikimsikia Madamu Direktrisi anacheka naye ofisini, nasimama mlangoni nikijifanya natafuta chaki. Mnanielewa? Mtu ambaye nilimfunga kitenge changu mwenyewe!

Halafu likaja tangazo. Chuo kimoja cha ualimu huko Muyinga kilikuwa kinapokea walimu wa chekechea walio kazini. Unafundisha siku zako kama kawaida, likizo zikifika unakwenda kusoma, na baada ya miaka mitatu unapata shahada. Shahada! Ya kufundisha watoto wa miaka mitatu! Tangazo lilibandikwa ofisini kwa Madamu, kwa Kifaransa. Goreti alinieleza kwa ufupi, huku akinitazama kwa uangalifu, kisha akasema yeye ataomba.

Nilimjibu vizuri. Nilimwambia Mungu amtangulie. Kisha nikaenda nyuma ya jiko la uji nikauma kitenge changu.

Hesabu ilikuwa rahisi. Mwenye shahada ndiye atakuwa mkuu wa darasa. Na mimi nitakuwa nani? Mkoroga uji wa profesa!

Dosia, yaani karatasi zote za maombi, ilitakiwa ifike Muyinga kabla ya Ijumaa. Wiki hiyohiyo Goreti akajifungua mtoto wa kike. Nyie mnaojua desturi zetu mnaelewa. Mzazi anakaa ndani mpaka siku ya kumtoa mtoto nje, watu wakusanyike, mtoto apewe jina na baraka. Kabla ya hapo havuki kizingiti, sembuse kwenda Muyinga. Mume wake alikuwa kibaruani mbali. Na mimi mama yangu anaishi Muyinga, karibu na njia ya kwenda Tanzania. Kila likizo nakwenda kumwona.

Akaniita kitandani kwake. Mtoto alikuwa amelala kifuani. Akatoa bahasha kubwa ya kaki chini ya mto, imefungwa na kupigwa mhuri wa shule.

"Dada, mi sina mtu mwingine," akaniambia. "Ukifika kwa biro, fungua mbele ya ule monsieur. Usifungue njiani. Iko mahali utasaini. Halafu akupe resepise."

Biro ni ofisi, na resepise ni kile kikaratasi cha kuonyesha kwamba dosia imepokelewa. Nikamuuliza nitasaini nini mimi. Akacheka, akafunika mdomo kwa mkono. Akasema nitaona hukohuko. Nilidhani ni sahihi ya mleta mzigo.

Nikamshika mtoto, nikamwombea, nikaondoka.

Wasomaji, nawaapia, nilipotoka Bugendana nilikuwa na nia ya kuifikisha! Tulipita Karuzi bahasha iko mapajani, nimeishika kwa mikono miwili isikunjike. Nililala kwa mama. Alhamisi asubuhi nikavaa vizuri nikaenda chuoni.

Getini kulikuwa na mlinzi mzee, mwenye adabu. Ndani ya uwanja niliona wasichana wamepanga foleni kwenye dirisha la ofisi, dosia mikononi, wanacheka pamoja, wanaazimana kalamu. Wote wadogo. Wote wana diploma zinazotambulika.

Mlinzi akaniuliza, "Karibu, mama. Umeleta dosia yako?"

Nikasema, "Hapana. Ni ya mwingine."

Ni ya mwingine... Sijui nielezeje. Nilisikia neno hilo likitoka mdomoni mwangu. Maisha yangu yote nabeba ya mwingine! Maharage niliyatunga mimi, makofi ya mwingine. Watoto niliwalea mimi, shahada ya mwingine. Na leo nimepanda gari kwa miguu yangu iliyovimba nikamletee mwingine ngazi ya kunikanyagia kichwa!

Nikamwambia mzee nimesahau kitu. Nikageuka.

Nyumbani kwa mama kuna sanduku la bati anamoweka vitenge vyake vya thamani. Niliisukuma bahasha mpaka chini kabisa. Kuichoma niliogopa, ina mhuri wa shule ya parokia. Mama aliniuliza ni nini hiyo. Nikamjibu ni karatasi za shule za zamani, asiziguse.

Ijumaa ikapita. Jumapili nikarudi Bugendana, nikaenda moja kwa moja kwa Goreti. Alikuwa ameketi kitandani ananingoja, macho yanang'aa.

"Dada, ulifungua?"

"Nilifungua."

"Ukasaini?"

"Nikasaini."

Alikuwa anatabasamu mpaka masikioni, kama mtu anayengoja zawadi yake ifunguliwe. "Na hukuona kitu?"

"Nione nini? Karatasi ni karatasi, Goreti."

Tabasamu likabaki kidogo, kisha likaondoka. Akauliza resepise iko wapi. Nikasema walikuwa na watu wengi, hawakutoa. Akamhamishia mtoto kwenye bega la pili, akasema amechoka, anataka kulala. Nilidhani ni uchovu wa uzazi.

Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Nilimfuata nyumbani kumpa pole. Nilimwambia Mungu ana wakati wake. Mimi! Kwa mdomo huuhuu! Goreti hakulia. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Ndiyo, dada," akasema. "Na watu pia iko na wakati yao."

Mnadhani nilipata raha? Nilipata siku mbili. Siku ya tatu nilianza kuogopa macho yake. Hakunigombeza, hakunipunguzia chumvi kwenye sahani. Aliendelea kuniita dada, ila alikuwa analitaja polepole, kama mtu anayepima kitu kizito. Na barua zangu, akishanisomea, alinirudishia palepale mkononi, bila kuketi nami kama zamani.

Mwaka uliofuata alibeba mtoto mgongoni, akaipeleka dosia yake mwenyewe. Akapokelewa.

Likizo baada ya likizo alikwenda Muyinga. Na mimi likizo baada ya likizo niliacha kwenda! Mama alinituma ujumbe kwamba anaumwa miguu, kwamba amenikumbuka, na mimi nikatafuta visingizio. Niliogopa kukutana na Goreti barabarani. Niliogopa lile sanduku. Nilipokwenda nililala siku moja nikarudi, na bahasha sikuigusa.

Goreti alirudi na maneno mapya. Alikuwa anaeleza kwa nini mtoto anayerusha vitu si mtukutu, kwa nini wimbo unatangulia herufi. Vingi nilivijua kwa mikono yangu, ila sikuwa na majina yake. Nilimsikiliza huku nimemgeuzia mgongo, nakoroga uji. Nilikuwa natamani kuuliza. Wivu ulinikataza.

Miaka mitatu ikaisha, akavaa joho. Familia ikafanya sherehe pale kilimani, bia ya ndizi, soda, wageni mpaka wa Mutoyi. Kwetu sherehe bila hotuba si sherehe. Na nani aliombwa asimame kumsemea mwalimu mpya? Mume wake alinifuata mwenyewe. Akasema, "Dada Spesi, we ndiye ulimwanzisha. Na ile mwaka ya kwanza, we ndiye ulibeba dosia yake."

Nilisimama. Nilishika chupa yangu, nikasifu, nikataja bidii yake, nikachekesha watu kwa habari ya sketi na uji. Walipiga makofi. Hatimaye makofi yalikuwa yangu! Nikamtazama Goreti... alikuwa anaangalia viatu vyake.

Alipojibu, alisema maneno machache tu. Alisema mimi ndiye niliyemfundisha kumshika mtoto. La dosia hakuligusa.

Mwezi mmoja baadaye mama aliugua kweli, nikakimbilia Muyinga. Alipopata nafuu alinituma nitoe kitenge kwenye sanduku. Akaniambia, "Na zile karatasi zako chukua, mwanangu. Kila nikilifungua sanduku zinanitazama."

Nikakaa chini sakafuni nikaichana.

Dosia zilikuwa mbili.

Ya kwanza ilikuwa ya Goreti. Ya pili ilikuwa na jina langu. Nakala ya cheti changu cha kambini, kile nilichompa Madamu Direktrisi siku ya kuajiriwa. Barua ya Madamu ya kuthibitisha miaka yangu tisa darasani. Na kurasa sita za mwandiko wa Goreti, Kifaransa upande mmoja na Kiswahili upande wa pili, zikieleza kila nilichotunga. Maharage. Magunzi. Namna ya kumtambua mtoto mwenye njaa. Juu kabisa ameandika kwamba haya yote ni kazi ya Spesi, na yeye amejifunza kwake.

Kumbe, nilivyosoma humohumo, lile tangazo la Kifaransa lilikuwa na mistari miwili ambayo Goreti hakunieleza. Mwaka ule, na mwaka ule peke yake, chuo kilikuwa kimefungua mlango kwa walimu wa siku nyingi wasio na diploma inayotambulika. Ulete ushuhuda wa kazi, usimamie somo mbele yao, uingie. Nilikuwa nimeapa watu wasinitajie vyeti, basi Goreti na Madamu wakapanga nifikie pale pale dirishani, karatasi iko wazi mbele yangu, nisiweze kukimbia.

Mahali pa sahihi palikuwa patupu. Pembeni, kwa penseli, Goreti alikuwa ameandika: Dada, saini hapa. Usiogope.

Nililia mpaka mama akajikokota kutoka kitandani kuja kunishika. Mchimba kisima huingia mwenyewe... Mimi niliingia, nikajifunika na mfuniko juu!

Nilirudi Bugendana na ile bahasha iliyochanika, nikaiweka mbele ya Goreti, nikapiga magoti. Nilieleza kila kitu. Getini, mlinzi, sanduku. Hakunikatiza.

"Mi nilijua," akasema. "Ile Jumapili. Ulisema umesaini, na hukuona kitu. Mtu atasaini aje jina yake na asiione?"

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Kwa nini alinyamaza miaka yote hiyo, akanilisha chumvi yake?

"Nilingoja useme we mwenyewe. Kila siku nilisema, leo dada atasema." Akaikunja ile karatasi ya penseli, akaiweka kwenye mfuko wake. "Ingekuwa yangu tu, ningesahau. Lakini ulitupa na ya kwako, dada. Mi nilikaa na mimba nikiiandika."

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumsikia akiniita dada.

Mwaka huo huo utaratibu ukabadilika shuleni. Asiye na diploma inayotambulika hawi tena mwalimu wa darasa, anakuwa msaidizi. Goreti akapewa darasa langu. Mimi nikapewa uji na makamasi. Hakunifukuza, hakuninyanyasa. Vikapu vya maharage aliviacha palepale nilipoviweka.

Wiki chache zilizopita ameniwekea fomu mezani. Amesema iko njia ingine, ni ndefu. Kwanza nifanye mtihani wa diploma ya sekondari kama mtahiniwa wa nje, nikae na watoto wa watu wenye umri wa kuzaliwa na mimi. Nikifaulu, ndipo chuo, miaka mitatu ya likizo. Nimepiga hesabu. Mungu akipenda nitavaa joho nakaribia hamsini.

Akasema, "Safari hii utapeleka mwenyewe."

Niliipeleka palepale chuoni Muyinga, ambako ndiko wanakoandikisha watahiniwa wa nje. Nikasimama kwenye foleni na wasichana, nikaazimwa kalamu, nikasaini. Wakanipa resepise. Nilirudi nayo mkononi njia nzima, nikamwekea Goreti mezani kabla sijavua hata viatu. Aliisoma, akanirudishia.

"Vizuri, Madamu Spesi," akasema. Ndivyo anavyoniita sasa, kama watoto wanavyoniita.

Ndugu zangu, hasa nyie mnaofundisha watoto wadogo kwa mshahara wa kukopeshana, sikilizeni. Siwezi kuwadanganya kwamba wivu umeniisha. Bado ninao. Jana Goreti alikuja na mkoba mpya na roho ikaniuma palepale! Labda nitakufa nao. Lakini roho ikuume huku miguu inatembea. Ukipewa bahasha ya mwenzako, ifikishe. Ukiona tangazo usiloweza kulisoma, uliza, hata kama anayejua ni yule unayemwonea kijicho. Na ukiwa umetenda ubaya, sema mapema, wakati bado kuna mtu anayengoja useme.

Mimi kila nikipita Muyinga natazama lile geti. Kutoka pale niliposimama na yule mzee mpaka dirishani ni hatua ishirini na mbili. Safari hii nilizihesabu.